Makato ya Tenue

Jumatatu, 23 Februari

Kwaresima imeanza wiki iliyopita. Nimeacha nyama. Nyama yenyewe ilikuwa imeniacha tangu Krismasi.

Daftari hili naliandika kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, ndicho nilichokulia mitaani Bujumbura, kabla hatujarudi Rwanda. Pili, Cécile hakisomi. Mke wangu ni mtu wa Butare, anasoma Kinyarwanda, Kifaransa na uso wangu. Kiswahili hapana.

Hali ya mambo. Tunapanga Kagarama, lakini tuna kiwanja Masaka, na juu ya kiwanja kuna kuta za matofali ya udongo mbichi, yale ya rukarakara. Vyumba viwili: sebule na chumba cha kulala. Paa hakuna. Ukuta wa udongo mbichi bila paa, mvua ikija, unarudi kuwa udongo. Hilo kila mtu analijua, na Cécile ananikumbusha kila asubuhi kabla ya chai. Pesa za mabati zipo benki, laki nne, kwenye akaunti yangu. Ni zake zaidi kuliko zangu. Amezipata kwenye kimina, ile michango ya akina mama ambayo kila mmoja huipokea kwa zamu. Zamu yake ilipofika hakununua hata kitenge. Alinipa mimi niziweke, kwa kuwa mimi ndiye mwenye akaunti.

Kwa nini sijanunua mabati? Kwa sababu nina akili. Mvua ikianza, watu huacha kujenga. Wakiacha kujenga, mabati yanakosa wateja na bei inashuka. Nangojea matone ya kwanza tu. Nitanunua kwa bei ya kutupa, na Gratien, fundi wetu wa Masaka, atapiga misumari siku hiyohiyo. Cécile sijamweleza. Biashara haielezwi kwa mtu mwenye wasiwasi.

Jioni nimepita kwenye mashine ya pesa, kulisalimu salio tu. Halikuwa laki nne. Limepungua, na mimi sikugusa kitu. Nimeingiza kadi tena kuhakikisha. Limepungua zaidi kidogo.

Jumanne, 24 Februari

Nimemwachia Ismaël cherehani yangu, nikaenda benki. Ismaël ni fundi mwenzangu, tunagawana baraza moja hapa Remera, nyuma ya maduka. Siku za mechi kelele za uwanja wa Amahoro zinatufikia bure. Cherehani yake iko upande wa kivuli, yangu upande wa jua. Imekuwa hivyo tangu nilipofika, ingawa nimedokeza mara nyingi. Babu yake alitoka pwani na biashara ya vitambaa, kwa hiyo Kiswahili cha Ismaël kimenyooka kama pindo lililopigwa pasi. Hilo nalo linaniudhi.

Karani wa dirishani anaitwa Hirwa. Kijana mpole, amesoma kila kitu kwa Kiingereza. Ndiye aliyenipa kadi ya mkopo Desemba, bila mimi kuiomba, akasema ni heshima. Nimemwambia pesa zangu zinaliwa. Amesema nichukue taarifa ya akaunti, kila kitu kimeandikwa humo. Taarifa yenyewe inalipiwa. Nimelipa ili nijue ninalipia nini.

Hirwa alinisomea kwa kidole. Ada ya kadi. Ada ya kadi ya pili, ile ya heshima, ya mwaka mzima, ingawa imelala ndani ya Biblia tangu nipewe. Ada ya ujumbe wa simu: benki ikinikata inaniandikia kwamba imenikata, na kwa kuniandikia inanikata. Ada ya kutazama salio kwenye mashine ya benki nyingine, jana jioni, mara mbili. Nilitazama pembeni.

Kisha mstari unaorudi kila mwezi, mkubwa kuliko mingine. Umeandikwa kwa Kifaransa, kwa kuwa kompyuta zao bado zina maneno ya zamani: FRAIS TENUE CPTE. Hirwa hakuweza kuusoma. Mimi niliweza! Kifaransa nilifundishwa na mapadre, kwa fimbo. Frais ni gharama. Tenue ni sare, nani asiyejua tenue? Tenue ya mwanafunzi, tenue ya askari, tenue ya mlinzi. Nimeshona tenue maisha yangu yote. Cpte ilinisumbua kidogo, kisha nikaona ni kifupi cha complète. Tenue kamili: koti, suruali, tai.

Kwa hiyo kila mwezi benki inanikata mimi, Silvère, ili imvishe Hirwa.

Nimemwuliza kwa upole makato haya ni ya nini. Akachungulia kompyuta, akasema, "Iko maintenance, muzee." Maintenance, utunzaji. Kumbe hata kufua na kupiga pasi nalipa mimi.

Jumatano, 25 Februari

Nimeamka na furaha, jambo ambalo halijanipata tangu tuhamie Kagarama.

Mtu mwingine angegomba arudishiwe pesa zake. Hao ndio watu wadogo. Mimi nimeona mbali. Kama mimi ndiye ninayelipia tenue, basi nina haki ya kuishona. Tena koti la Hirwa nililitazama vizuri jana: bega la kushoto limepanda, bitana inachungulia mkononi, na matundu ya vifungo yameshonwa na mtu mwenye hasira. Benki ina matawi mengi. Kila tawi lina makarani, walinzi, meneja. Kila mtu tenue mbili, moja ikiwa inafuliwa. Nimepiga hesabu kwa chaki juu ya meza ya kukatia. Nikaifuta haraka, Ismaël alikuwa anatazama.

Mchana Ismaël amenijia, midomo mikavu kwa saumu. Yeye yuko kwenye Ramadhani, mimi kwenye Kwaresima, baraza letu limesahau kucheka. Amesema ana kanzu za Idi kuliko mikono yake, nichukue nusu, tugawane malipo sawa kwa sawa. Nimemjibu kwa heshima kwamba siku hizi naelekea zaidi kwenye kazi za taasisi. Akauliza taasisi gani. Nikatabasamu tu. Akarudi kwenye cherehani yake. Wivu, bila shaka.

Ijumaa, 27 Februari

Tatizo ni kitambaa. Sampuli ya kupeleka benki haishonwi kwa kitambaa cha kubahatisha. Inataka suti nzito ya bluu, bitana laini, vifungo vya chuma. Na pesa za mabati nilimwapia Cécile kwamba sitazigusa. Nina kasoro zangu, lakini kiapo ni kiapo.

Ndipo nikaikumbuka kadi ya heshima. Nimeikuta palepale, katikati ya kitabu cha Ayubu. Pesa za kadi hiyo si zetu, ni za benki! Kwa hiyo benki ndiyo itakayonunua kitambaa cha tenue ya benki. Sijawahi kuona jambo lililokaa sawa kama hili.

Muuza vitambaa wa mjini hapokei kadi, anataka pesa mkononi. Nimekwenda kwenye mashine ya benki nyingine, kwa kuwa ya kwetu ilikuwa na foleni. Mashine hiyo inatoa kidogo kidogo. Nimetoa mara nne. Simu imelia mara nne, halafu ikaendelea kulia. Nikaizima.

Nimenunua kitambaa cha makoti matatu: la karani, la mlinzi na la meneja. Na kipande cha ziada, kwa sababu muuzaji alisema rangi ile haitarudi. Cécile ameuliza kitambaa hiki ni cha nani. Nikasema cha mteja. Akauliza mteja gani. Nikasema benki. Akauliza mabati lini. Nikasema Jumatano.

Jumamosi, 28 Februari

Umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa ya kila mwisho wa mwezi. Tumefyeka mtaro wa barabara ya chini. Cécile alikuwa karibu nami, kila akiinua mgongo anatazama mawingu upande wa Masaka.

Kazi ilipokwisha Gratien alikuja kwa moto, pikipiki ya abiria, kutuletea habari. Mbao za paa zimeshakaa, zinangoja mabati tu. Ukuta wa chumba cha kulala umekauka vizuri, haujapasuka popote. Cécile alitabasamu. Chumba hicho alikipanga yeye, dirisha linatazama bonde, na pazia lake amekwisha kulishona. La maua ya manjano. Amelishona kwa mkono, jioni baada ya jioni, kwa kuwa cherehani iko Remera na mimi nilisema nitalishona wiki ijayo, tangu Novemba. Niliona haya kidogo.

Gratien akasema, "Muzee, mvua iko karibu sana." Nikamwambia tunajua.

Jumatatu, 2 Machi

Jana katikati ya Misa simu yangu imelia. Benki. Watu wamegeuka, Cécile ameinamisha kichwa. Leo nimechukua hatua. Nimemwambia Hirwa aufunge ujumbe wa simu, sitaki tena, nitaokoa ada yake. Hirwa amenionya kwamba nikiufunga, jambo likitokea kwenye akaunti sitaambiwa. Nimemjibu mimi ni mtu mzima. Akaufunga. Hivi ndivyo mtu anavyoanza kuokoa pesa.

Jumanne, 3 Machi

Vipimo. Siwezi kumwomba Hirwa asimame nimzungushie futi, siri itatoka kabla ya wakati. Lazima nimpime kwa macho, na kumfikia dirishani lazima uwe na shughuli. Nimetoa elfu tano ili nione mabega. Nikachukua namba upya, nikaziweka zile elfu tano ili nione mikono. Nikazitoa tena kwa ajili ya shingo, maana mara ya pili alikuwa ameinama. Hirwa amenieleza kwa upole kwamba mwenye kadi akitoa pesa dirishani hulipa ada, afadhali mashineni. Nimemwambia mashine haina shingo. Amenitazama kwa huruma.

Mlinzi nilimpima mlangoni alipokuwa ananipekua. Yeye alinipapasa mifuko, mimi nikampima kifua. Hiyo ilikuwa bure. Meneja sijawahi kumwona, koti lake nitalikata kwa kipimo changu. Mtu wa cheo bila shaka ana mwili kama wangu.

Kesho ni Jumatano. Nitamwambia Cécile duka la mabati limefungwa wanahesabu mali.

Ijumaa, 6 Machi

Yamekwisha. Makoti matatu yananing'inia barazani na watu wanasimama kuyatazama. La meneja nimelitia bitana nyekundu. Ismaël ameligusa bega la koti la Hirwa, akalipitishia kidole polepole, akasema hii ni kazi safi. Tumekaa baraza moja miaka mingi na hajawahi kunisifia bega. Nilitamani kumwambia kila kitu. Akaniambia zile kanzu bado zipo, akingoja zaidi atampa fundi mwingine. Nikamwambia ampe.

Benki wamesema meneja yuko kwenye semina, nirudi Jumatatu. Nimerudi na makoti yangu begani. Njiani tone limeniangukia kwenye kipara. Halafu mengine machache. Nimefurahi, nikafikiria bei ya mabati inavyoanza kutetemeka.

Cécile hazungumzi nami tangu Jumatano. Anapakua chakula, anakaa mwisho wa meza, anakula akitazama dirishani. Nyumba imekuwa nzito. Nilitaka kumweleza, kisha nikaona afadhali ningoje. Jumatatu nitamweleza, yakiwa matamu.

Jumatatu, 9 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Meneja ni mwanamke. Anaitwa Madamu Iteka, naye amekulia Bujumbura, si mbali na kwetu. Nimemtandikia makoti mezani moja baada ya jingine. Nimemweleza kwa Kifaransa changu bora kwamba kwa miaka mingi nimelipia tenue ya benki hii bila kunung'unika, na sasa naomba niishone. Kisha nikamwekea taarifa ya akaunti, kidole juu ya mstari.

Alisoma. Akavua miwani. Hakucheka. Angecheka ningekasirika, ningetoka na kitu. Aliniambia taratibu, kwa Kiswahili cha nyumbani, kwamba cpte si complète. Ni compte, akaunti. Tenue de compte ni kuishika akaunti ya mtu, kuitunza, basi. Ni ada ya kila mwezi ya kuwa na akaunti. Hakuna nguo humo. "Pole, muzee wangu. Na hizi tenue zetu zinakuja kwenye makatoni, tayari zimeshonwa."

Nikasema nilijua, nilikuwa natania. Akaniomba nikae.

Alifungua kompyuta yake, akauliza kama nilitoa pesa taslimu kwa kadi ya mkopo. Nikasema ndiyo, lakini hizo zilikuwa za benki. Akafumba macho kidogo. Amenieleza kama mtu anavyomweleza mgonjwa. Pesa za kadi ni deni kama deni lolote. Ukinunua kwa kadi dukani, unapewa siku kadhaa za kulipa kabla riba haijaanza. Ukitoa taslimu, riba inaanza siku ileile, juu yake kuna ada ya kutoa, kila unapotoa, na mashine ya benki nyingine nayo ina yake. Nilitoa mara nne. Na kadi imefungwa kwenye akaunti yangu, nilitia sahihi Desemba. Siku ya kulipa ilikuwa jana. Wangenitumia ujumbe wa kunikumbusha, lakini ujumbe niliufunga. Kwa hiyo benki imejilipa yenyewe.

Kutoka kwenye pesa za Cécile.

Imebaki laki moja na nusu. Madamu Iteka amenishauri niirudishe kadi, nami nimeirudisha. Akasema karatasi yoyote nisiyoielewa nimletee yeye kwanza, asubuhi yoyote, hatanitoza kitu. Alikuwa mwema, na wema wake umenichoma kuliko hasara yenyewe. Hirwa alilijaribu koti lake ili anifurahishe. Lilimkaa sawasawa. Bega halikupanda.

Jumanne, 10 Machi

Bei ya mabati imepanda! Kila mwenye ukuta mjini amekimbilia dukani baada ya matone ya Ijumaa. Mwenye duka ameniambia huwa hivyo kila mwaka. Nimeitoa ile laki moja na nusu yote, na mabati yaliyopatikana hayafiki nusu ya nyumba.

Gratien ameuliza aanze kuezeka wapi, sebule au chumba cha kulala. Nimefikiri. Sebule inatazama barabara. Watu wakipita na kuona mabati yanang'aa, watajua nyumba ya Silvère inakwenda vizuri. Na Cécile akija, atakachokiona kwanza ni paa. Nimesema sebule. Gratien ameuliza mara mbili kama nina hakika.

Jioni nimemwambia Cécile mabati yameanza kupigwa. Si uongo. Amenishika mkono, mara ya kwanza tangu siku ile. Sikula vizuri.

Jumamosi, 14 Machi

Jana mvua ilianza alasiri, nzito, haikuacha. Leo asubuhi tumekwenda Masaka, kila mtu na moto yake.

Kutoka barabarani tuliona sebule imesimama, kavu, mabati safi. Cécile alinigeukia akasema Mungu akubariki, Silvère. Halafu tukazunguka nyuma.

Chumba cha kulala hakipo. Ukuta wa bondeni umelala chini, wa pembeni umekuwa rundo la tope. Fremu ya dirisha tu imebaki wima, na nyuma yake bonde.

Nimemweleza yote palepale. Kadi, makoti, mashine, bei. Nimeeleza kwa Kinyarwanda, sikuwa na lugha ya kujifichia. Aliuliza neno moja tu: "Tenue?" Nikasema ndiyo. Akavua viatu, akaviweka sebuleni penye ukavu, akapandisha sketi, akaanza kuchagua matofali yaliyobaki mazima kutoka kwenye yaliyokufa. Nikamfuata. Tulifanya kazi hadi mchana. Nimejiona mtu wa ovyo, na sikuwa na wa kumlaumu, ingawa nilitafuta.

Pazia alikuwa amekuja nalo mfukoni, alitaka kulipima. Amerudi nalo nyumbani.

Ijumaa, 20 Machi

Idi. Ismaël amekuja Kagarama na kanzu mpya, akamletea Cécile bakuli la pilau, na turubai kubwa la kufunika kuta zilizobaki. Pilau ina nyama na leo ni Ijumaa ya Kwaresima. Nimekula. Kwa hali niliyonayo dhambi moja zaidi haitaonekana.

Zile kanzu nilizokataa zilishonwa na fundi wa Nyamirambo. Nilimwuliza Ismaël mwenyewe jamaa alipata kiasi gani, naye akanitajia, si kwa ubaya. Ni mabati ya chumba cha kulala pamoja na misumari yake. Kabla ya kuondoka akasema kuanzia kesho cherehani yangu ikae upande wa kivuli, yeye amekaa huko vya kutosha. Badala ya kumshukuru nililikunja turubai upya. Baadaye nikaanza kujiuliza anataka nini.

Cécile ameanza tena kuzungumza nami, mambo ya chumvi na mkaa. Pesa zake sasa anaziweka kwenye simu. Namba ya siri hajaniambia, na sikuuliza.

Jumatano, 1 Aprili

Wiki Takatifu. Naandika haya nikiwa benki, kwenye kiti cha kungojea, namba yangu mkononi.

Nimekuja kuchukua taarifa ya mwisho wa mwezi. Nimeilipia, kwa pesa ya mfukoni, kwa sababu akaunti haina. Akaunti ilikuwa tupu, ada ya kila mwezi ikaja, ikakata palepale patupu, na sasa salio lina alama ya kutoa mbele yake. Hayo nayaelewa, nilielezwa. Lakini chini kabisa kuna mstari mpya ambao sijawahi kuuona. FRAIS DE DECOUVERT. Hirwa amesema ni overdraft, yaani akaunti imeshuka chini ya sifuri, lakini yeye Kifaransa hajui.

Nimeusoma mara nyingi. Mlango wa Madamu Iteka uko wazi, naiona miwani yake. Alisema nimletee karatasi nisiyoielewa. Hii ninaielewa. Couvert ni kilichofunikwa. Découvert ni kisichofunikwa, kilicho wazi juu, kisicho na paa. Kwenye tenue nilikosea, nakubali, lakini pale palikuwa na kifupi, na kifupi kinaweza kumpotosha yeyote. Hapa neno limeandikwa lote, herufi kwa herufi. Benki imepata habari za chumba cha kulala. Labda Hirwa amewaambia, ana moyo mzuri yule kijana. Na kama nakatwa kwa ajili ya nyumba isiyofunikwa, hiyo ni bima. Mwenye bima hupewa paa. Nimekuja na vipimo vya Gratien.

Nimevaa koti la meneja, lile la bitana nyekundu. Linanikaa vizuri, na kuliacha kabatini ni hasara. Mama mmoja mzee aliyekaa karibu nami ameniamkia kwa heshima sana. Anaitwa Nyirahabimana. Amenidhania mimi ni mkubwa wa hapa, nami sikutaka kumvunja moyo. Amenipa karatasi yake. Amekatwa na hajui kwa nini, binti yake atamgombeza. Nimetazama. Mstari uleule.

Nimemweleza vizuri, bila haraka, kama nilivyoelezwa na Madamu Iteka. Akasema lakini nyumba yake ina paa, aliezeka marehemu mume wake. Nimefikiri kidogo. Nikamwambia haidhuru, aliyekatwa amekatwa, adai mabati yake, na kwa kuwa yeye hayahitaji, mimi nitayanunua kwake kwa nusu bei. Amenishika mikono yote miwili, akaniombea kwa Bikira Maria.

Namba yake imeitwa kabla ya yangu. Yuko dirishani sasa, anamweleza Hirwa habari za mabati, ananionyesha kwa kidole. Hirwa amesimama, anatazama huku. Nimenyoosha kola ya koti. Cécile nitamweleza jioni, yakiwa matamu.